Msikilizaji Naye Asikilizwe: Mintarafu ya Elimu Endelevu ya Washauri Nasaha

(Mhadhara uliosomwa Kitale mbele ya walimu, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa mitaa, kisha ukarudiwa Bungoma.)



Mimi, mwalimu mstaafu, nimetakiwa niseme juu ya elimu endelevu ya washauri nasaha wa afya ya akili. Madhumuni yangu ni mamoja, nami nitayataja mapema ili atakayelazimika kuondoka kuwahi matatu ya Endebess au ya Kimilili aondoke nayo: kwamba mafunzo ya mshauri nasaha hayaishi siku anapopewa cheti, kwamba kinachoyaendeleza si wingi wa semina bali ni usimamizi, maana yake mshauri aketi kila wiki na mtu aliyemzidi uzoefu, amweleze kazi aliyoifanya, asahihishwe, atulizwe, kisha arudi kazini, na kwamba usimamizi huo ni kazi kamili inayostahiki mshahara na fungu lake katika bajeti za kaunti hizi mbili, Trans Nzoia na Bungoma.

Kabla ya hoja zenyewe, niwieni radhi nikumbushe tulivyofika hapa. Ushauri nasaha, kama kazi yenye mafunzo yake, haukukua nchini Kenya kwa utulivu. Kamati ya Gachathi ilikwisha kupendekeza mwaka 1976 kwamba shule ziwe na huduma ya kuwaongoza na kuwashauri wanafunzi, na pendekezo hilo likaenda kwa mwendo wa pendekezo lisilo na fedha. Misiba ndiyo iliyoharakisha mambo. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua zaidi ya watu mia mbili jijini Nairobi na kujeruhi maelfu, na kwa ghafla wakahitajika watu wa kuwasikiliza walionusurika. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na tangu 2001 vituo vya ushauri na upimaji wa hiari, ambavyo sote tulizoea kuviita VCT, vikaenea mijini na vijijini, kila kimoja kikihitaji mshauri wa kuketi na mtu kabla ya kipimo na baada yake. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ikapiga marufuku viboko shuleni, na mwalimu aliyeshika fimbo asubuhi akaambiwa jioni kwamba yeye sasa ni mshauri. (Naona walimu wa rika langu wanacheka, wanakumbuka.)

Hivyo kila mara tulifunza watu kwa haraka, kwa sababu maji yalikuwa yamefika shingoni, na kila mara haraka ilipokwisha tuliwaacha watu hao na vyeti vyao. Sheria ilikuja baadaye sana: Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ndiyo iliyounda Bodi ya kuwasajili na kuwasimamia wenye taaluma hii. Ni jambo jema. Lakini Bodi husimamia wenye taaluma, ilhali katika vijiji vyetu kazi kubwa ya kusikiliza hufanywa na watu ambao taaluma yao ni nyingine: mwalimu, muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ya jamii, mchungaji, mama wa chama cha akiba. Wala haiwezi kuwa vinginevyo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya mwaka 2017 ilihesabu madaktari wa maradhi ya akili 92 tu katika nchi nzima, na wauguzi wa fani hiyo 327. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Lau madaktari wote 92 wangehamishwa kutoka Nairobi, Mombasa na Eldoret wakagawiwa kaunti zetu mbili peke yake, kila mmoja angekabidhiwa roho karibu 29,000. Basi tusijidanganye kwamba tutangoja madaktari.

Hoja ya kwanza: ustadi wa kusikiliza humtoroka mtu asiyeangaliwa.

Stadi nyingi humkosoa mwenyewe anapokosea. Fundi wa cherehani akikosea kipimo, nguo yenyewe humshtaki mbele ya mteja. Lakini mshauri anayekosea huagwa kwa shukrani na tabasamu, kwa kuwa adabu yetu haimruhusu mdogo kumwambia mkubwa kwamba maneno yake hayakumfaa kitu. Kwa hiyo mshauri aliye peke yake anaweza kukosea kwa miaka kumi, na katika miaka hiyo yote akawa anasifiwa.

Na makosa yenyewe yana mkondo unaojulikana. Mtu aliyefunzwa kusikiliza, akiachwa bila wa kumtazama, hurudia yale aliyoyazoea kabla ya kufunzwa: mwalimu hurudi kwenye kufundisha, mchungaji kwenye kuhubiri, shangazi kwenye kuonya, mzee wa mtaa kwenye kutoa hukumu. Sisemi kuwa mahubiri na maonyo hayana mahali pake. Nasema kwamba aliyekuja kueleza kwamba halali usiku hakuja ili akatizwe kwa maombi baada ya mstari wa kwanza tu wa habari zake. Aidha, mshauri wa namna hiyo huanza kuruka sehemu iliyo ngumu. Katika tiba ya watoto waliofiwa, sehemu ngumu ni ile ambapo mtoto husaidiwa kukisimulia kifo chenyewe: nani alikuwapo, aliona nini, alisikia nini, na moyoni alijilaumu kwa lipi. Mshauri mpya humhurumia mtoto, au hujihurumia mwenyewe, akaahirisha simulizi hadi wiki ijayo, na wiki ijayo akaahirisha tena, mwisho wakacheza, wakaimba, wakaagana kwa furaha. Mtoto ameshinda vizuri, lakini ndoto zinazomwamsha usiku ziko pale pale. Msimamizi anayeuliza kila Ijumaa, "Je, amekwisha kusimulia? Kama bado, ni nini kilichokuzuia?", huyo ndiye dawa ya kuahirisha.

Wazee wa Kibukusu mlio hapa hamtashangaa. Mnaijua kazi ya kumuse: baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi, msemaji husimama mbele ya umati, akaeleza nasaba na historia, akaonya walio hai, akawafariji wafiwa, nayo kazi hiyo haiachiwi kila mwenye sauti, bali ina koo zake, na asiye wa koo hizo hathubutu. Jamii hii ilitambua tangu kale kwamba kusema na wafiwa ni amana yenye masharti na miiko, wala si kipawa cha kila apitaye njia.

Hoja ya pili: mafunzo yenye usimamizi yamejaribiwa, na yamejaribiwa hapa hapa.

Hoja hii nitaikalia kwa muda, kwa sababu ushahidi wake haukutoka ng'ambo ya bahari, ulitoka Bungoma. Kati ya miaka ya 2013 na 2015, katika utafiti ulioongozwa na Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington na Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke, huko Marekani, mashirika mawili ya Afrika Mashariki, Ace Africa kwa upande wa Bungoma na TAWREF kwa upande wa Moshi, Tanzania, yaliwachukua watu wasiokuwa na elimu yoyote ya afya ya akili, yakawafunza tiba ya mazungumzo kwa watoto wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na ambao bado waliteswa na kumbukumbu za msiba. Mpango wenyewe uliitwa Pamoja Tunaweza. Watoto 640 waliandikishwa, mjini na mashambani, katika nchi zote mbili. Nusu wakapata tiba, nusu wakaendelea na misaada ya kawaida ambayo mayatima hupewa. Vikao vya kikundi vilikuwa 12, kimoja kila wiki, pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake na mshauri, ambamo ndimo ilimosimuliwa ile habari ngumu. Nao walezi walikuwa na kikundi chao.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry. Tiba ilipokwisha, watoto walioipata walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao katika sehemu tatu kati ya nne: Bungoma mjini, Bungoma mashambani, na Moshi mjini. Mwaka mmoja baadaye, tofauti hiyo ilikuwa imesimama Bungoma, mjini na mashambani pia, ilhali kule Moshi makundi mawili yalikuwa yamelingana.

Nahisi msikilizaji makini hapo nyuma anataka kuniuliza: mbona Moshi mashambani haikuonyesha tofauti? Swali ni la haki, na asiyelitaja huwa anauza dawa. Kule Moshi hata watoto ambao hawakupewa tiba walipata nafuu kadiri siku zilivyokwenda. Na inaelekea kwamba tiba ya namna hii humfaa zaidi mtoto aliyezongwa na dhiki nyingi kwa pamoja, njaa, umaskini, kuhamahama kati ya walezi, kuliko mtoto ambaye maisha mengine yanamtunza. Ikiwa ndivyo, basi tuna sababu zaidi ya kuipeleka kule Cheptais na Kwanza kabla ya kuipeleka kwenye shule za watoto wenye nafasi.

Lakini tuache watoto kidogo, tuwatazame washauri, kwa kuwa wao ndio mada yetu. Walipatikanaje? Hawakupatikana kwa semina. Yalikuwapo mafunzo ya mwanzo ya siku kadhaa, ndiyo, lakini njia iliyofuatwa ilikuwa ya uanagenzi: baada ya mafunzo, washauri walifanya kikundi chao cha kwanza chini ya uangalizi wa karibu, na kila wiki waliketi na msimamizi wa hapa hapa, wakaeleza kilichotokea, wakaigiza kikao kijacho, mmoja akiwa mtoto na mwingine mshauri, mpaka ulimi ukazoea maneno ambayo mwanzo yalikuwa mazito, na msimamizi naye, kila wiki, alizungumza na wakufunzi walioko Marekani. Kila aliyesikiliza alikuwa na wa kumsikiliza.

Kisha likafuata jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Utafiti wa kwanza ulipokwisha, ulikuja mwingine huko huko Bungoma, uliohusisha shule 40 na vijiji jirani vyake, ambamo waliofunzwa kutoa tiba walikuwa walimu na wahudumu wa afya ya jamii. Na nani aliyewafunza na kuwasimamia? Walikuwa ni wale wale washauri wa mpango wa kwanza, watu wa Bungoma ambao miaka michache nyuma hawakujua hata jina la kazi hiyo. Mwanagenzi amekuwa fundi, na fundi amepata wanagenzi wake. Simu ya Marekani inaweza kukatika, na kazi isikatike. Mimi sijui maana nyingine ya elimu endelevu iliyo bora kuliko hiyo.

Hoja ya tatu: mshauri wetu anaishi ndani ya mambo anayoyasikia.

Daktari wa mjini hufunga ofisi akaenda mtaa mwingine. Mshauri wa kijijini huvuka barabara tu. Huko Mlima Elgon, baina ya 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi ya Chepyuk ulizaa wanamgambo wa SLDF, nao wakaua, wakakata watu masikio, wakawafukuza maelfu, wengi wakakimbilia pande hizi za Trans Nzoia; na Machi 2008 jeshi lilipoingia katika Operesheni Okoa Maisha, askari nao wakashutumiwa kwa mateso na kwa watu waliochukuliwa wasionekane tena. Leo mhudumu wa afya katika kijiji kimojawapo anaweza kuketi asubuhi na mjane wa mtu aliyeuawa na wanamgambo, na mchana akaketi na mama anayemngoja mwana aliyechukuliwa na askari, ilhali yeye mwenyewe ana ndugu katika upande mmoja. Anayasikia yote, na miiko ya kazi inamkataza kuyasema sokoni, kanisani, hata chumbani kwake. Ayapeleke wapi?

Asipokuwa na pa kuyapeleka, matokeo ni mojawapo ya matatu: ataacha kazi, au atauzoea uchungu wa watu hadi usimguse tena, au siku moja siri itamponyoka. La tatu ndilo baya kupita yote, kwa sababu siri moja ikitoka katika kijiji, hakuna atakayerudi kwa mshauri yeyote kwa muda wa kizazi kizima. Msimamizi ndiye mahali halali pa kuutua mzigo huo, naye hupaswa kuwa na ujasiri wa kusema, "Familia hii usiichukue wewe, mpe mwenzako."

Hoja ya nne ni fupi: maarifa na sheria hubadilika.

Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na washauri wengi walifunzwa katika zama hizo, wakawa wanaogopa hata kuuliza swali, na familia zikaogopa kulijibu. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mshauri aliyepata cheti chake mwaka 2009, na ambaye tangu siku hiyo hakuna aliyemtembelea, bado anamwambia mzazi aliyemwokoa mwanawe asithubutu kumpeleka hospitali kwa hofu ya polisi. Kosa si lake.

Hoja ya tano: anayefaidika ndiye alipe, na anayefaidika ni jamii nzima, si mshauri peke yake.

Mwaka 2021 Tume ya Kuajiri Walimu ilizindua mafunzo endelevu ya lazima kwa walimu, ada yake ikiwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu. Vyama vya walimu vikapinga, na mnajua kelele zilivyokuwa. Kusoma si kubaya, hasha. Lakini elimu anayotozwa mtu kwa nguvu hugeuka kuwa karatasi ya kutafutwa, na akishaipata karatasi, huweka kalamu chini. Upande wa pili kuna semina za hotelini, ambako watu huja kwa ajili ya posho na chai, wakasaini orodha mara mbili, wakarudi nyumbani na begi lenye jina la mfadhili. (Msinitazame hivyo, hata mimi ninayo mabegi matatu.) Njia zote mbili zina kasoro moja: hakuna anayemfuata mshauri hadi pale alipoketi na mtu.

Wahudumu wa afya ya jamii ndio mfano ulio wazi zaidi. Tangu Septemba 2023, walipozinduliwa upya wakiwa zaidi ya 100,000 nchini kote, wamepewa mkoba wa vifaa, simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo serikali kuu na kaunti hugawana kuilipa. Kwa posho hiyo hupima shinikizo la damu, hupima sukari, huuliza juu ya choo na chanjo, na sasa tunataka wamsikilize pia mama aliyekata tamaa baada ya kujifungua. Wanaweza, Bungoma imethibitisha kwamba watu wa aina yao wanaweza. Lakini si haki, wala si akili, kuwaongezea kazi nzito kuliko zote bila kuwapa mtu wa kuwasimamia katika kazi hiyo.

Sasa nielekee mbele. Trans Nzoia ina wadi 25, na Bungoma ina wadi 45. Pendekezo langu ni kwamba kila wadi iwe na msimamizi mmoja wa washauri nasaha, jumla yao 70 kwa kaunti zote mbili, wateuliwe kutoka miongoni mwa watu waliokwisha kufanya kazi hii kwa mikono yao, si lazima wenye shahada kubwa, nao waajiriwe na kaunti kwa mshahara wa kudumu. Wale wa Bungoma waliofuzu katika Pamoja Tunaweza wawe wakufunzi wa kwanza wa wenzao wa Trans Nzoia. Ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Kanduyi hadi Kitale, wala hatuhitaji kumsafirisha mtu kwa ndege. Wasimamizi nao wawe na daktari au mwanasaikolojia wa hospitali ya rufaa wa kuwasikiliza mara kwa mara, kwa sababu kanuni ninayoitetea haina mtu isiyemhusu.

Kwa sheria ya fedha za umma, mpango wa maendeleo wa mwaka hupaswa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo aghalabu hujaa watu wa barabara na wa mabwawa ya maji, ambao wana haki yao. Nawaombeni nanyi mwende, walimu, wauguzi, wahudumu na wazee, mketi mpaka zamu ya afya ifike, na mtaje hitaji lenu kwa hesabu yake: wasimamizi 25 Trans Nzoia, 45 Bungoma, na mishahara yao.